Mtoto haishiki herufi: kasoro iko kwenye sikio, jicho au mkono?

Kila Januari madarasa ya awali yakifunguliwa hapa Moshi, mwalimu husikia lalamiko lilelile mlangoni: "Mwalimu, huyu herufi hazimkai kichwani." Lalamiko ni moja, lakini watoto wanaolalamikiwa hawafanani. Kuna ambaye sikio lake bado halijaitenga sauti. Kuna anayeisikia vizuri ila umbo lake linamponyoka. Na kuna anayejua vyote viwili, tatizo lake ni vidole tu. Nyumbani wote hupewa dawa moja: jaza kurasa mbili za "b" kabla ya chakula cha jioni. Dawa hiyo haimsaidii hata mmoja wao, na inawafundisha kulichukia daftari wakiwa na miaka mitano.

Kwa hiyo pima kwanza. Chukua herufi moja inayosumbua, tuseme b, na umpime mtoto mara tatu bila kuchanganya vipimo.

Cha sikio hakina karatasi wala penseli. Mtajie maneno polepole: bata, kuku, bibi, debe, baba, dada. Apige kofi akisikia neno linaloanza kama "bata". Akipiga kofi kwenye "debe", b anaisikia lakini hajajua mwanzo wa neno ni wapi. Akipiga kofi kwenye kila neno, hajaelewa mchezo. Rudia naye kesho.

Cha jicho hakina maneno. Andika herufi zimetawanyika kwenye karatasi: b, m, s, b, k, a, t, b. Mpe maharage, aweke punje moja juu ya kila b inayofanana na uliyoiandika pembeni. Usiweke d kwenye kipimo hiki cha kwanza.

Cha mkono: mpe chaki, mwambie aandike b kubwa sakafuni bila kuangalia mfano wowote. Hapo angalia mkono unaanzia wapi na unakwenda wapi. Umbo lililobaki sakafuni litakuambia machache kuliko mwendo wa mkono.

Aliyeanguka kipimo cha kwanza asipewe penseli kwa sababu ya herufi hiyo, maana ataandika alama ya sauti ambayo haijamwingia. Sasa twende dalili kwa dalili.

Anaimba zote, ukimwonyesha moja hajui

Mtoto wa namna hii huwafurahisha sana wageni. Anaanza a, be, che, de hadi mwisho bila kukwama, na mama anasema mtoto amemaliza alfabeti. Mwonyeshe k peke yake, ama anakaa kimya, ama anaanza tena tangu a akipapasa njia ya kufika huko. Ameshika wimbo, na wimbo hauna kosa, ila usiuhesabu kuwa ni kusoma.

Ndugu yake ni yule anayesoma vizuri kwenye chati ya ukutani. Kwenye chati, karibu na b kuna picha ya bata. Funika picha kwa kiganja uone. Kama jibu limetoweka, mtoto alikuwa akimsoma bata. Wengine wanajua mahali: ya pili kutoka juu ni "be". Kata kadi ndogo kutoka kwenye boksi tupu la biskuti au sabuni, andika b ndogo peke yake, na umwonyeshe ikiwa imetoka kwenye chati na kwenye foleni ya wenzake. Herufi aliyoijua kwenye kadi, jikoni, saa yoyote, hiyo ndiyo ameijua.

Wazazi wengine hupenda kuwasomesha watoto herufi za kwenye daladala na mabango ya maduka. Ni mchezo mzuri, lakini ubavuni mwa daladala PASUA na KIBORLONI zimeandikwa kwa herufi kubwa. Mtoto aliyefundishwa b ndogo jana, leo anaonyeshwa B na kuambiwa ni ileile. Acha b ndogo ikae kwanza, maana kitabuni ndiyo imejaa.

Anasoma "baba" kama "be-a-be-a", au anaandika "db" badala ya "debe"

Hapa kosa ni letu wakubwa. Tumemfundisha jina la herufi, "be", tukategemea atoe sauti yake. Yeye anachofanya ni hesabu safi kabisa: "de" ni d, "be" ni b, basi "debe" ni db. Amemaliza.

Mfundishe sauti kabla ya jina. Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), ulioanza mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, ulikwenda njia hiyo: sauti, kisha silabi, kisha neno. Ugumu upo kwenye herufi kama b, d, k na t, kwa sababu huwezi kuzivuta; ukijaribu kuitamka b peke yake utajikuta umeongeza irabu. Ndiyo sababu sianzi nazo. Baada ya irabu tano naanza na m, ambayo unaweza kuivuta midomo imefumba, mmmm, kisha ukaifungulia kwenye a: mmmma. Mtoto anaona midomo yako na anasikia jinsi sauti mbili zinavyoungana. Kwa irabu tano na m peke yake tayari anasoma mama, mimi, maua, umeme. Hayo ni maneno kamili, ya kwake, ndani ya wiki chache za mwanzo. Ukifuata mpangilio wa alfabeti, unakutana na b, ch na d mapema kabisa, na kati ya hizo hakuna iliyo rahisi kwa mtoto.

Anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, na nyumbani anakosea irabu

Hili ni jingi sana Moshi na Arusha, na mara nyingi mtoto anaonekana mzito bila hatia. Shuleni ameambiwa a inaitwa "ei", e inaitwa "ii", i inaitwa "ai". Jioni bibi anamwambia: andika e. Anaandika a, kwa sababu "e" ya bibi iko karibu sana na "ei" ya mwalimu. Bibi anamwambia andika i, anaandika e. Anaambiwa andika a, na anaweza kukuandikia r, maana kwa Kiingereza cha Uingereza jina la r ni kama "aa". Bibi anaona mtoto hajui hata irabu, ada inaliwa bure. Mtoto amejibu sawasawa kila swali, ila kwa kanuni za nyumba nyingine.

Ukitaka kuhakikisha, usitaje herufi, taja neno. "Andika herufi ya kwanza ya embe." Kama sasa anatulia na kusikiliza kabla ya kuandika, tatizo ni majina tu. Dawa yake ni makubaliano. Muulize mwalimu wa darasa wanatumia majina au sauti, na herufi gani wako nayo wiki hii. Nyumbani tumieni sauti na neno la Kiswahili, na msifundishe Kiswahili na Kiingereza kwenye kikao kimoja. Kuwajua watu wawili wanaoita kitu kimoja majina tofauti hakumshindi mtoto. Watoto wengi wa hapa wanazungumza Kichaga kwa babu na Kiswahili sebuleni. Kinachomvuruga ni kutoambiwa sasa hivi tuko upande upi.

Anageuza b na d

Wazazi wanaogopa sana hili kuliko wanavyopaswa. Tangu azaliwe, macho yake yamejifunza kwamba kitu hakibadiliki kwa kugeuzwa: kikombe chenye mkono upande wa kulia na chenye mkono upande wa kushoto vyote ni vikombe. Herufi zinakuja na sheria mpya, kwamba upande ni sehemu ya jina. Kuizoea kunachukua muda, na watoto wengi hugeuza geuza hadi kwenye miaka saba hivi. Wa darasa la awali anayegeuza b na d ni wa kawaida. Wa darasa la tatu ambaye bado anageuza, tena na kusoma kunamshinda, huyo apelekwe kwa mtu wa kumpima.

Chanzo kikubwa kinachozuilika ni kuzifundisha pamoja. Mwalimu au mzazi anaziandika b na d jirani ili mtoto "aone tofauti", na tangu siku hiyo mtoto anaziweka kwenye kapu moja. Fundisha b peke yake mpaka ashindwe kuikosea. Pitisha herufi nyingine kadhaa katikati. Ndipo d iingie.

Zikishachanganyika, kumwambia "angalia vizuri" hakusaidii, kwani anaangalia vizuri. Rudi kwenye mwendo wa mkono. Kwa b mkono unaanza na fimbo: juu, shuka hadi chini, panda kidogo, zungusha tumbo upande wa mbele. Kwa d unaanza na tumbo, kama unaandika c, kisha unapanda juu na kushuka na fimbo. Darasani tunasema kwa sauti huku tukiumba hewani: "fimbo, tumbo" kwa b, "tumbo, fimbo" kwa d. Mtoto anayeanza zote mbili na fimbo amebaki na kubahatisha tumbo liende wapi, na nusu ya bahati itamwendea kombo. Ukimkalia karibu ukaona penseli inashuka na fimbo wakati umemwambia d, simamisha hapohapo kabla tumbo halijachorwa.

Kwa kukumbuka akiwa peke yake, akunje ngumi mbili, dole gumba juu, agusanishe ngumi. Ya kushoto ina umbo la b, ya kulia ina umbo la d, na kwenye alfabeti b hutangulia. Mkono hausahauliki nyumbani siku ya mtihani.

Baadhi ya watoto hukwepa tatizo kwa ujanja na kuandika "baBa". B kubwa haina mwenzake wa kuchanganywa naye. Usimgombeze, anakuambia kwamba ameona mtego.

Ananakili vizuri, ukiondoa mfano hawezi

Mzazi anaandika "s" mstari wa juu, mtoto anajaza ukurasa, mzazi anatia vema nyekundu. Chukua ukurasa huo uangalie mstari wa kwanza na wa mwisho. Mara nyingi s ya juu ni s, ya katikati imelala, ya chini imekuwa mnyoo au imegeukia upande wa pili. Mtoto baada ya mistari miwili haangalii tena mfano wako, ananakili ile aliyoiandika mwenyewe juu yake, na kila kosa linamrithisha linalofuata.

Kunakili ni kuchora. Anaweza kuichora s kuanzia chini kwenda juu, au kwa vipande viwili, na karatasi isikuonyeshe chochote. Kufuatisha nukta kuna hatari hiyohiyo: anaunganisha nukta kwa nukta, penseli ikisimama kila mahali, akili haina habari kwamba hiyo ni herufi. Kama unatumia nukta, weka alama ya rangi pa kuanzia na mshale wa uelekeo, na punguza nukta kila siku hadi ibaki ya kwanza tu.

Badala ya ukurasa, tano zinatosha. Aione, uifunike, aitamke, aandike, afunue alinganishe. Kisha mwulize ipi kati ya tano ni nzuri kuliko zote, aizungushie duara mwenyewe. Watoto huchagua kwa haki kuliko tunavyodhani.

Herufi anaijua, mkono ndio unagoma

Anashika penseli kwa ngumi nzima, anakandamiza hadi karatasi inatoboka, ncha inakatika, anakwenda kuchonga, anarudi, inakatika tena. Baada ya dakika tatu anasema amechoka, na kweli amechoka.

Vidole vinataka kazi kabla ya penseli, na kazi hiyo nyumbani ipo. Kupukuchua mahindi kwa dole gumba ni zoezi ambalo sijaona la dukani linalolizidi. Kuchambua maharage, kubana na kubandua vibanio vya nguo kwenye kamba, kukanda unga wa chapati na kuuviringisha uwe m: vyote hivyo ni kuandika kabla ya kuandika. Herufi yenyewe ianze kubwa, bega likiwa linafanya kazi: kijiti kwenye udongo wa uani, chaki sakafuni, kidole kwenye sinia lenye unga au mchanga mkavu. Ikishatoka vizuri kubwa, ndipo ipunguzwe.

Ukifika kwenye penseli, vunja mpya vipande viwili au mpe kipande kilichobaki. Penseli fupi haina nafasi ya ngumi. Vidole vitatu vinajipanga vyenyewe. Angalia pia anapokaa. Mtoto anayening'iniza miguu kwenye kochi huku daftari liko kwenye meza ya sebuleni iliyo chini ya magoti yake atakuwa na mwandiko mbaya hata angekuwa na vidole vya fundi saa. Miguu iguse kitu, hata ndoo iliyopinduliwa. Na mwezi wa sita na wa saba asubuhi zetu huwa baridi kweli. Mtoto aliyetoka nje sasa hivi asugue viganja kwanza kabla ya kudaiwa mwandiko.

Anatumia mkono wa kushoto

Mwacheni autumie. Kumlazimisha kulia hakurekebishi chochote, kunamwongezea kazi ya pili juu ya ile ya kujifunza herufi. Najua kwa wazee wengi mkono wa kushoto si wa heshima, basi heshima ibaki kwenye kusalimia na kupokea kitu. Penseli haimsalimii mtu.

Matatizo yake mengi yanatokana na mpangilio. Kwenye dawati la watoto watatu akae mwisho wa kushoto, la sivyo kiwiko chake na cha jirani vitapigana siku nzima na yeye ndiye atakayeitwa mtundu. Daftari lilazwe, kichwa chake kielekee kidogo kulia, kinyume cha wenzake. Penseli aishike juu zaidi, sentimita 3 hivi kutoka kwenye ncha, aweze kuona anachoandika. Mfano ukiuweka kushoto mwa mstari mkono wake unaufunika. Uweke kulia au juu.

Dalili ndogo ndogo

Anaijua a ya ubaoni, ya kitabuni haijui: ni kweli hazifanani. Vitabu vingi vina a yenye kofia juu, mwalimu huandika duara lenye mkia. g nayo hivyohivyo kwenye baadhi ya vitabu. Mwonyeshe zote mbili, mwambie hii ni ya kusoma, hii ni ya kuandika.

Herufi zinapaa juu ya mstari: mistari ya daftari la kawaida ni myembamba kwake. Mpigie mistari mipana kwa rula, wa chini uupake rangi. Na g, j, p, y waambie wazi kwamba mkia unapita chini ya mstari. Wengi wanazipandisha kwa sababu wanadhani kupita ni kosa.

Jana alijua, leo kasahau: mmesoma nyingi mno, au mmesoma saa nzima mara moja. Dakika kumi leo, tano kesho asubuhi wakati chai inapoa, tena keshokutwa. Herufi iliyosahauliwa na kukumbushwa mara kadhaa hukaa kuliko iliyokaririwa jioni moja.

Anaandika "samba" badala ya "shamba", "kura" badala ya "kula"

Msikilize anavyosema kabla ya kusahihisha anavyoandika. Mtoto anayetamka "samba" ameandika kwa uaminifu alichokisikia. r na l, s na sh, th na s huchanganywa na watu wazima wengi nchini, wakiwemo walimu, kutegemea lugha ya nyumbani, kwa hiyo kumcheka mtoto ni kujicheka. Kaeni mbele ya kioo. Kwa s meno yamekaribiana na midomo imetanuka. Kwa sh midomo inasogea mbele. Kwa l ncha ya ulimi inagusa na kutulia. Kwa r inapiga. Cheza na jozi: sina na shina, kula na kura. Aoneshe kwa kidole picha uliyoitaja. Akiweza kutofautisha kwa sikio, ndipo ulete herufi.

Asipoweza kabisa, wala hatofautishi sauti nyingine zilizo mbali zaidi, au anaita "eeh?" mara kwa mara, au sikio limewahi kutoa usaha, acha herufi kwanza umpeleke akapimwe masikio. Vivyo hivyo kwa anayefinya macho, anayeinamisha kichwa upande mmoja au kulisogelea daftari hadi pua iguse. Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona haja watakuandikia rufaa kwenda hospitali ya Mawenzi au ya KCMC, ambako kuna idara ya macho. Nenda na daftari lake, daktari aone herufi anazokosea na umbali anaoandikia.